Maneno ya Mwenyekiti: Mwalimu wa Ruyigi na Sanduku Letu

(Hotuba iliyosomwa katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Kibondo)



Awali ya yote hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kuiona siku hii tukiwa wazima. Miaka kumi si siku kumi. Wako wenzetu wawili tulioanza nao mwaka 2015 ambao leo hawapo, wametangulia mbele ya haki. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke. Ahsanteni, tukae.

Kamati ya sherehe ilitutaka sisi viongozi tuseme habari za fedha. Jamani, fedha mtazisoma katika taarifa ya Mweka Hazina humu humu kitabuni. Hesabu zote ziko pale mpaka shilingi ya mwisho, na faini za wachelewaji zimo, kwa hiyo msifungue ukurasa ule mbele ya wageni. Sisi tumeona tuseme habari za mtu mmoja. Ni mwanamke, ni mwalimu, na baadaye akawa msimamizi wa hospitali katika mji mdogo ulio jirani na sisi, ng'ambo ya mpaka. Anaitwa Marguerite Barankitse. Wengi wanamwita Maggy. Mji wake ni Ruyigi, mashariki ya Burundi.

Mtauliza, Burundi na sherehe yetu wapi na wapi? Tuvumiliane kidogo, mtaona.

Jambo linalotusubiri

Kwanza tuseme wazi jambo ambalo kila mwanachama analijua, ila wageni hawalijui. Katika kikundi chetu kila mkutano tunanunua hisa, na pembeni kila mmoja anatoa shilingi mia tano za Mfuko wa Jamii. Fedha za hisa tunakopeshana, tunarejesha na riba, na mwisho wa mwaka tunagawana. Fedha za Mfuko wa Jamii hazikopeshwi kwa riba wala hazigawanywi. Ni za msiba, ni za ugonjwa, ni za mwenzetu aliyejifungua kwa shida. Hivyo ndivyo katiba yetu inavyosema.

Sasa kwa miaka kumi mfuko huo umekua. Na fedha zikikua, maneno nayo yanakua. Yameletwa mapendekezo mawili. La kwanza linasema tuugawe mfuko wote kwa wanachama, kila mtu achukue chake, tuanze upya. La pili linasema mfuko ubaki, tena ufunguliwe kidogo, usaidie na watoto wa kata yetu ambao mama zao si wanachama: nauli ya hospitali, daftari, sare ya shule. Mkutano Mkuu wa mwezi ujao ndio utakaopiga kura. Mpaka hapo watu wameshaanza kununiana. Wapo wanaopishana sokoni bila salamu. Tunasema uongo?

Sisi hatukuja kupiga kampeni mbele ya Mgeni Rasmi. Ila hatuwezi kusherehekea miaka kumi huku tumeficha jambo hili chini ya mkeka.

Kosa letu la mwaka wa kwanza

Mwaka 2015 tulipoanza, nchi jirani ilikuwa imechafuka tena. Watu walivuka kwa maelfu kuja mkoani Kigoma. Nyarugusu ilijaa, ikabidi kambi ya Nduta ifunguliwe upya mwezi wa Oktoba mwaka huo. Si mara ya kwanza. Wazee wetu waliwapokea watu wa mwaka 1972, na sisi tuliwaona kwa macho yetu waliokuja mwaka 1993. Kiha na Kirundi zinasikilizana, tunaoleana, tunauziana maharage na mihogo. Mpaka upo, lakini undugu nao upo.

Katika watu waliokuja mwaka ule alikuwamo mwanamke mmoja ambaye si mkimbizi. Ni binti wa hapa hapa kijijini kwetu, aliyeolewa upande wa Ruyigi siku nyingi. Mume alikuwa amefariki. Akarudi kwao na watoto watano, na katika hao watano, wawili hawakuwa wake wa kuzaa. Akaja kuomba kuingia kikundini. Alikuwa na fedha ya hisa moja, ameifunga katika pindo la kitenge.

Tulimkataa. Tulisema hana wadhamini wawili. Tulisema atakopa leo, kesho avuke na fedha zetu. Kuna aliyesema, na sisi wengine tukacheka, kwamba hata watoto wenyewe haieleweki ni wa nani. Alisimama, akafunga fedha yake, akaondoka. Hakugombana na mtu.

Mwaka uliofuata mmoja wa wale watoto alishikwa na malaria kali, damu ikapungua. Mama yule alizunguka jioni nzima kutafuta nauli. Alipita nyumba nne za wanachama wetu. Kila nyumba ilimwambia fedha ziko sandukuni, sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli pia kwamba watu watatu wale walikaa mwendo wa dakika kumi. Alimbeba mtoto mgongoni usiku ule. Mungu akasaidia, mtoto akapona, ila alikaa hospitali muda mrefu kuliko ambavyo angekaa kama angewahi.

Tulipokwenda kumpa pole, tumebeba sabuni na unga, aibu ilikuwa usoni kwetu. Hakutusema. Akatupa viti, akatueleza kuwa mtoto wake wa mwisho alizaliwa katika hospitali ya Ruyigi iliyojengwa na mwanamke, mwalimu. Akasema, "Kule kwa Mama Maggy, mtoto akiletwa anaumwa, hawaanzi kuuliza ni wa nani." Basi. Hakuongeza neno.

Ndiyo siku tuliyolisikia jina hilo. Baadaye tuliuliza, tukasikiliza redio, tukasoma yaliyoandikwa juu yake, tukayakusanya.

Binti wa mjane

Maggy alizaliwa katikati ya miaka ya 1950 upande huo huo wa Ruyigi. Ni Mtutsi. Baba yake alifariki angali mtoto mdogo, akalelewa na mama mjane. Sisi tunaojua ujane hatuhitaji kuelezwa hapo. Mama akiwa peke yake na shamba, mtoto anajifunza mapema kwamba chungu kinaweza kutosha watu wengi kuliko kilivyopikiwa.

Alisoma, akawa mwalimu, akarudi kufundisha mji wa kwao. Ruyigi si mji mkubwa. Ni mji wa namna ya Kibondo: soko, kanisa, shule, ofisi za serikali, na kila mtu anamjua mwenzake na ukoo wake. Na Burundi ya miaka ile ilikuwa nchi yenye jeraha. Mwaka 1972 watu wengi sana waliuawa, wengi wao Wahutu, na watoto wao ndio walioingia madarasani baadaye. Maggy aliona jinsi watoto wanavyotengwa shuleni kwa kuulizwa wewe ni nani, ni Mhutu au Mtutsi. Hakunyamaza. Kusema kwake kukamkosesha kazi ya ualimu. Akaenda kufanya kazi ya ukatibu kwa Askofu wa Ruyigi.

Lakini alikuwa ameshafanya jambo lililowashangaza watu. Angali binti wa miaka ishirini na kitu, alimchukua mwanafunzi wake mmoja yatima, Mhutu, akamfanya mwanawe. Hakuishia hapo. Ilipofika mwaka 1993 alikuwa na watoto saba wa kulea, wanne Wahutu na watatu Watutsi, wanakula sahani moja. Yeye mwenyewe hakuzaa. Kwetu mwanamke asiyezaa anasemwa mpaka anazikwa. Huyu alikuwa na saba kabla ya vita.

Tarehe 24 Oktoba 1993

Sehemu hii tutaisema kwa kifupi, kwa sababu watoto wapo hapa, na kwa sababu wapo waliotoka huko ambao hawahitaji kukumbushwa.

Mwezi wa Juni mwaka 1993 Warundi walipiga kura, wakamchagua Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuwa Rais wa nchi ile kwa kura za wananchi. Tarehe 21 Oktoba aliuawa. Nchi ikawaka moto. Wahutu waliwaua Watutsi, Watutsi wakawaua Wahutu. Jamaa wengi wa Maggy nao waliuawa.

Maggy alikusanya watu, familia nyingi za Kihutu, akawaficha katika nyumba ya Askofu. Alidhani yeye akiwa Mtutsi, watu wa kabila lake watamsikiliza. Jumapili ya tarehe 24 Oktoba walikuja, na hawakumsikiliza. Walimpiga, wakamfunga kwenye kiti, wakawaua watu 72 mbele ya macho yake. Katika waliouawa alikuwamo rafiki yake aliyemwachia mabinti wawili awalelee.

Hapo, wanachama wenzetu, tunaomba masikio yenu. Watoto waliosalia bado walikuwa katika hatari. Maggy hakuwa na bunduki. Hakuwa na askari. Alikuwa na fedha zilizokuwapo pale nyumbani kwa Askofu, na alizitumia. Alitoa fedha, akawanunua watoto wasiuawe. Siku ile aliokoa watoto 25.

Tumelifikiria sana jambo hili sisi tunaoshika sanduku. Zile fedha zilikuwa zimewekwa kwa kazi fulani, bila shaka. Zilikuwa na daftari lake. Kama angesema ngoja kwanza, fedha hizi ni za matumizi mengine, mpaka wenye mamlaka wakae kikao, leo tusingekuwa na habari ya kusimulia.

Hatusemi mweka hazina afungue sanduku peke yake, la hasha, mtatufukuza uongozi. Tunasema kwamba kuna siku fedha inaulizwa ni ya nini, na siku hiyo hakuna muda wa kikao. Jibu linatakiwa liwe limeshaandikwa katika katiba kabla siku hiyo haijafika.

Nyumba ya Amani

Baada ya hapo Maggy alikuwa na watoto wake saba na wale 25, wengine wana majeraha, wengine hawasemi. Mjerumani mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya misaada pale Ruyigi aliwapokea nyumbani kwake kwa miezi kadhaa. Watoto wakazidi kuletwa, mmoja leo, watatu kesho. Askofu akatoa majengo ya shule, na mwezi wa Mei mwaka 1994 nyumba ikafunguliwa. Wakaiita Maison Shalom, maana yake Nyumba ya Amani.

Kuanzia hapo mwalimu akawa msimamizi. Na sisi tunaosimamia kikundi tunajua kuwa huruma ni jambo moja na usimamizi ni jambo lingine. Wapo wengi wenye huruma ambao daftari lao halieleweki.

Tulichokipenda katika usimamizi wake ni hiki: hakutaka kituo cha yatima cha mabweni makubwa, watoto mia wanapanga foleni ya uji. Alisema mtoto anahitaji nyumba. Kwa hiyo walijenga nyumba ndogo ndogo, watoto wachache katika kila moja, kaka na dada pamoja, wakubwa wakiwaangalia wadogo. Waliochanganyika wakakaa hivyo hivyo, Mhutu na Mtutsi, na baadaye Mtwa, chini ya paa moja. Ilipowezekana, walitafuta ndugu wa mtoto, au wakamjengea katika shamba la marehemu wazazi wake ili urithi usipotee. Lengo lilikuwa mtoto arudi kijijini akiwa mtu kamili mwenye chake.

Pia hakutaka wakae wakisubiri kulishwa maisha yote. Vijana walijifunza kazi: ushonaji, ufundi wa magari, kilimo, kupokea wageni katika nyumba ya wageni. Kilichowachekesha wenzetu ni kwamba alijenga na sinema na bwawa la kuogelea pale pale Ruyigi. Wengine watasema ni anasa. Lakini fikirini, mji ambao watoto wake walikuwa wanajua mchezo mmoja tu, wa vita. Akawapa mahali pa kucheka wote pamoja.

Vita haikwisha upesi. Mwalimu Nyerere alifanya kazi ya usuluhishi wa Burundi mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mzee Mandela akaipokea, na mkataba ukatiwa sahihi pale Arusha tarehe 28 Agosti 2000, na bado mapigano yaliendelea miaka kadhaa. Kwa miaka yote hiyo Nyumba ya Amani ilikuwa inapokea watoto: wa vita, wa UKIMWI, wa mitaani, waliotumikishwa jeshini. Ilipofika mwaka 2005, Umoja wa Mataifa ulipompa Tuzo ya Nansen inayotolewa kwa watu wanaowasaidia wakimbizi, watoto waliosaidiwa walikuwa wamepita 10,000.

Hospitali

Sasa tufike kwenye hospitali, maana hapa ndipo tunapoona akili ya mwalimu.

Mtu akikuletea yatima, unampokea. Akikuletea wa pili, unampokea. Lakini mwalimu mzuri, mwanafunzi akikosea hesabu ile ile kila siku, anajiuliza tatizo linaanzia wapi. Silaha ziliponyamaza yatima hawakwisha. Wapo waliokuwa yatima kwa sababu mama amefia uzazini. Wapo ambao mama ana UKIMWI na hana dawa. Wapo watoto wanaokufa kwa malaria na homa ambazo zinatibika. Ukitaka kupunguza yatima, okoa mama.

Mwaka 2008 Hospitali ya Rema ilifunguliwa Ruyigi, mkazo wake ukiwa akina mama na watoto. Hospitali si jengo tu. Ni maji, ni umeme, ni mishahara, ni dawa zisizoisha katikati ya mwezi, ni mtu wa kuamka saa nane usiku. Mwanamke aliyeanza na watoto saba mezani kwake alikuwa sasa anasimamia vyote hivyo, na baadhi ya wale aliowalea walikuwa wamekua, wanafanya kazi ndani ya shirika lile lile.

Hebu tujiulize hapa kwetu. Kila mmoja wetu anamjua mama aliyepotea njiani kwa sababu gari halikuwa na mafuta, au ndugu walikuwa wanajadiliana nani atoe nauli. Daktari anaweza kuwapo, dawa ikawapo, na mama akafa kwa kukosa elfu kumi saa nane usiku. Hiyo elfu kumi ndiyo kazi ya Mfuko wa Jamii. Hatuwezi kujenga hospitali. Mafuta ya pikipiki tunaweza.

Kupoteza na kuanza tena

Msidhani habari hii inaishia kwa pilau. Mwaka 2015 Burundi iliingia katika msukosuko mwingine, juu ya Rais kugombea kipindi cha tatu. Maggy alikuwa pamoja na waliopinga, akawasaidia walioumizwa. Ikabidi ajifiche, kisha akimbie. Akaunti za benki za Maison Shalom zilizuiwa na kazi zake Burundi zikasimamishwa. Mtu aliyejenga kwa zaidi ya miaka ishirini alivuka mpaka kwenda Rwanda akiwa mkimbizi, umri umekaribia miaka sitini. Ni mwaka ule ule ambao yule mwenzetu alivuka kuja kwetu, na ni mwaka ule ule tuliomkatalia hisa moja.

Kule Rwanda hakukaa kulia. Warundi wengi walikuwa katika kambi ya Mahama. Akaanza tena: masomo kwa vijana, mafunzo ya ufundi, mikopo midogo ya biashara kwa wakimbizi. Mwaka 2017 akafungua kituo Kigali wakakiita Oasis of Peace. Mwaka mmoja kabla, tarehe 24 Aprili 2016, alipewa Tuzo ya Aurora huko Yerevan, nchi ya Armenia, akiwa wa kwanza kuipata. Tuzo ile ilikuwa na dola 100,000 za mshindi, na dola 1,000,000 ambazo mshindi anazielekeza kwa mashirika anayoyachagua. Akaelekeza kwa mashirika yanayowasaidia watoto na wakimbizi.

Majengo alinyang'anywa, lakini watoto wake waliokwisha kukua hawakunyang'anyika. Wapo waliooa, wapo walioolewa, wajukuu wapo. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Ni kweli. Lakini pale Ruyigi damu ndiyo iliyomwagika, watu wa damu moja wakishika mapanga kwa jina la damu hiyo. Familia iliyobaki imesimama ni ile iliyofungwa kwa sahani moja.

Majibu kwa wenye mashaka

Tunajua yatakayosemwa tukimaliza hapa, maana tumeshayasikia.

Wa kwanza atasema Mama Maggy alikuwa na wafadhili wa Ulaya, sisi tunao nani? Ni kweli, baadaye alipata wafadhili. Lakini yule mwanafunzi yatima wa kwanza hakuja na mfadhili. Alikuja na njaa. Wafadhili waliona kazi kwanza.

Wa pili atasema tukifungua mfuko, kata nzima itajipanga mlangoni. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana pendekezo linaweka kiwango: sehemu moja tu ya mfuko, kwa watoto wagonjwa na wanafunzi, kwa barua ya mwalimu au ya mganga, na msaada unasomwa mkutanoni. Kipindi cha mvua, fedha za wanachama hazitaguswa. Mnaotaka kuongeza masharti, leteni. Hatujasema mfuko uwe kisima kisicho na kifuniko.

Wa tatu, na huyu tunamheshimu, atasema: mimi nilitoa mia tano zangu wiki hadi wiki, wiki nyingine nikikosa chumvi, na sasa nina shida zangu. Dada yetu, tunakusikia. Hakuna mtu hapa aliyetoa kwa sababu ya wingi. Kama shida yako ni ya ugonjwa au msiba, mfuko ni wako leo, usisubiri kura. Kama ni ya biashara, njoo tukukopeshe kutoka kwenye hisa. Lakini tukiugawa mfuko, kila mmoja atapata fedha ya kununua kitenge na sukari, na wiki ijayo mtoto wa mmoja wetu akiugua tutarudi kwenye kuzunguka nyumba nne jioni. Haba na haba ndiyo iliyojaza kibaba. Kukimwaga ni dakika moja.

Kwa kumalizia

Yule mwenzetu tuliyemkataa tulimwingiza kikundini mwaka 2018. Mwenyekiti na Katibu ndio tuliomdhamini. Tangu siku hiyo hajachelewa rejesho hata moja, na fedha zetu hazijavuka mpaka. Wale watoto wawili ambao tulicheka kwamba haieleweki ni wa nani, mmoja amemaliza kidato cha nne. Leo mama yao ameketi katikati yetu, na hatutamtaja kwa sababu hapendi. Tulimwomba ruhusa kusema habari hii, akaitoa. Tulimwomba na msamaha pia. Alisema, "Tuendelee na kikao." Mpaka leo hatujui kama hilo ni ndiyo au hapana, na hatuna haki ya kumlazimisha aseme zaidi.

Ndiyo maana tumesema habari za mwalimu wa Ruyigi katika siku ya furaha. Hatuwezi kuwa kama yeye. Hatukupewa mzigo wake, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Ila tuna sanduku lenye kufuli tatu, na mwezi ujao tutaulizwa lililomo ni la nini. Kila mmoja aende nyumbani alifikirie, azungumze na mzee wa nyumbani, kisha aje apige kura kwa dhamiri yake. Uamuzi wowote utakaopita, tutautekeleza wote, na tutasalimiana sokoni.

Tunamshukuru Mgeni Rasmi kwa kuacha kazi zake na kuja kukaa nasi. Tunawashukuru walimu wa shule yetu ya msingi waliotupa darasa la kukutania kwa miaka kumi bila kutudai hata chaki. Tunawashukuru wauguzi wa zahanati. Tunawashukuru waume zetu, hasa wale ambao mwanzoni walisema tunakwenda kusengenya, na sasa ndio wanaotukumbusha siku ya mkutano.

Chakula kipo tayari. Watoto watakula kwanza, wote waliopo hapa uwanjani, na tunaomba wapakuaji wasiulize ni wa nani.

 Mungu akibariki kikundi chetu, aibariki na Burundi jirani yetu, ipate amani ya kudumu.